Ngitili, ngoro na kaya: maarifa ya wazee yanavyolinda ardhi, na yanapokwama

Ukisoma habari za mazingira, kuna takwimu moja ambayo lazima utakutana nayo: eti asilimia 80 ya viumbe hai vilivyobaki duniani viko kwenye ardhi za jamii za asili. Imetajwa kwenye hotuba za viongozi, kwenye ripoti za mashirika makubwa na kwenye mikutano ya tabianchi. Septemba 2024 kundi la watafiti, baadhi yao wakiwa wenyewe ni wa jamii hizo, liliandika katika jarida la Nature kwamba limefuatilia chanzo cha takwimu hiyo na kukuta haina msingi. Hakuna aliyewahi kuhesabu. Namba ilichomoza mahali, ikadakwa na ripoti nyingine, kila mwandishi akimtaja mwenzake, hadi ikageuka kuwa kweli ya kila mtu.

Naanza hapo kwa sababu mjadala wa maarifa ya asili umejaa sifa za namna hiyo. Wapo wanaomsifu mzee wa kijijini kana kwamba kila alichorithi ni hekima tupu. Wapo pia maofisa wanaoyaona mambo haya ni ya kupamba banda la Nane Nane. Ngoma zikishaisha, kazi inarudi kwa mtaalamu. Pande zote mbili hazijishughulishi na maswali yenye manufaa: maarifa haya yanafanya kazi kwa utaratibu gani, wapi, na kwa masharti yapi? Jibu langu nitalitoa mapema ili msomaji anipime nalo. Yanafanya kazi pale yanapokuwa na wenyewe: watu wanaojulikana, kwenye ardhi yenye mipaka inayojulikana, wenye nguvu ya kumzuia anayevunja utaratibu. Ukiondoa hayo, unabaki na masimulizi mazuri ya jioni. Na mahali pa kulionea hilo ni Usukumani, kaskazini-magharibi mwa Tanzania.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa kwa msimu. Mvua za mwanzo zikishika, Novemba au Desemba, kipande cha ardhi kinaachwa na hakuna ng'ombe anayekanyaga humo. Majani yanaota, yanakomaa, yanakauka yakiwa yamesimama. Wakati huo mifugo inachungwa kwingine, na watu wakishavuna inaingizwa mashambani kula mabua. Ikifika Julai au Agosti mabua yamekwisha, mbuga zimebaki nyeupe na vumbi linatimka. Hapo ndipo ngitili inafunguliwa, tena kwa awamu: upande mmoja unaliwa kwanza hadi uishe, ndipo unafuata wa pili, ili chakula kifike mpaka mvua nyingine.

Wala haingizwi mnyama yeyote tu. Wanaopewa nafasi ni ndama, ng'ombe wa kukamuliwa, wagonjwa, waliozeeka, na maksai. Maksai ndio wenye siri ya mpango mzima. Mvua za kwanza zinapoanguka ndipo jembe la kukokotwa linapotakiwa shambani, na huo ndio wakati ambao ng'ombe amekonda kuliko mwezi mwingine wowote wa mwaka. Maksai akifika Novemba akiwa mbavu nje, shamba linalimwa kwa kuchelewa, na kwenye nchi yenye mvua za kubahatisha kuchelewa kwa wiki mbili kunaweza kula sehemu kubwa ya mavuno. Kwa hiyo majani yanayotunzwa tangu Desemba ni mahindi na mtama wa mwaka unaofuata. Kundi kubwa lililobaki linapelekwa mbali kutafuta malisho, na vijana ndio wanaokwenda nalo.

Kuna ngitili za familia na kuna za kijiji au kitongoji. Miti ikiwa humo haikatwi ovyo: kuni zinaokotwa, nguzo zinakatwa kwa ruhusa, nyasi za kuezekea zinavunwa kwa zamu, mizinga inatundikwa, dawa inachimbwa. Mchungaji aliye na moyo mgumu akiingiza ng'ombe kabla ya wakati anaitwa kujibu mbele ya mkutano wa jadi, dagashida, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wanahakikisha faini inalipwa. Anayekaidi anatengwa. Kwa mtu wa mjini kutengwa kunaweza kuonekana jambo dogo. Kijijini, ambako huwezi kulima, kujenga wala kuzika bila majirani, ni adhabu nzito kuliko yoyote ambayo hakimu wa mahakama ya mwanzo anaweza kutoa.

Sasa, utaratibu huu uliokuwa na akili kiasi hiki ulikaribia kufa. Haukufa kwa sababu Wasukuma walisahau. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliendesha kampeni ya kufyeka na kuchoma misitu ili kuwaondoa mbung'o, na Shinyanga ndiyo ilikuwa makao ya utafiti wa mdudu huyo kwa Tanganyika nzima. Maelfu ya watu walipewa mashoka. Mbung'o walipungua, ni kweli, na ng'ombe wakapata nafasi. Lakini miti nayo ikaenda. Ikaja pamba, ikala ardhi iliyobaki. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, familia zikahamishwa kutoka maeneo yao na kupangwa pamoja kwenye vijiji vipya. Hapo ndipo ngitili ilipovunjika mgongo. Ngitili ya familia inategemea familia kukaa karibu nayo. Ukimhamisha mwenye ngitili kilomita kumi, ile aliyoiacha inakuwa ya yeyote mwenye ng'ombe na panga. Hakuna aliyepitisha sheria ya kuzifuta. Zilibaki tu bila wenyewe.

Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa wa Shinyanga mwaka 1984 alikuta nchi tupu, ambayo wengi walikuwa wameshaanza kuiita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioendelea hadi 2004 kwa msaada wa Norway na utaalamu wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto chenye makao Nairobi. Mwanzoni HASHI ilifanya kile miradi yote hufanya. Vitalu vya miche vikaanzishwa, miti ya kigeni ikaoteshwa, maofisa wakaelekeza wapi pa kupanda. Lakini mche unataka kumwagiliwa, kuzungushiwa miiba na kulindwa na mbuzi, katika mkoa ambao mama anatembea saa nzima kutafuta ndoo ya maji. Ikabidi waulize watu wenyewe walikuwa wakifanyaje zamani. Jibu likawa ngitili.

Kilichofuata kinaeleza kwa nini maarifa ya aina hii yana bei nafuu kuliko mradi. Chini ya ardhi ile iliyoonekana kufa, mizizi na visiki vya migunga na miti mingine ya nyika vilikuwa bado hai. Kila mwaka vilichipua, na kila mwaka machipukizi yaliliwa au kukatwa kabla hayajafika magotini. Ukifunga eneo kwa misimu michache tu, visiki hivyo vinajiotea vyenyewe bila mche hata mmoja kununuliwa. Wakulima wa Dodoma ambao siku hizi wanachagua machipukizi yenye afya, wakapogoa mengine na kumwachia mti nafasi ya kukua, wanatumia kanuni hiyohiyo. Wao wanaiita kisiki hai.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimebaki Shinyanga zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa huo wa zamani, kabla Simiyu haijamegwa. Mwaka 2002 HASHI ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa. Utafiti uliofanywa na Wizara ya Maliasili pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ulikuta kwamba kuni, dawa, malisho, asali, matunda na vinginevyo kutoka ngitili vilikuwa na thamani ya takriban dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Ndege wa aina zaidi ya 140 walihesabiwa mahali ambapo kizazi kimoja nyuma palikuwa vumbi. Fisi nao walirudi, na wenye mbuzi hawakufurahi. Faida haiji peke yake.

Sitaki msomaji aelewe kwamba miti ilirudi kwa sababu wazee walikumbuka mila. Walikuwa wanaikumbuka muda wote. Kilichobadilika ni kwamba serikali iliyowahi kuwaondoa kwenye ardhi yao ilikubali sasa kwamba ngitili ina mwenyewe, na kwamba dagashida ikitoza faini, halmashauri haitamrudishia mkosaji ng'ombe wake.

Kuna upande mwingine wa Shinyanga ambao lazima utajwe kabla hatujaenda mbali. Miti ilipokwisha, wanawake walipikia mabua na mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wa mavi ni mkali. Mwanamke akiinama juu yake miaka thelathini au arobaini, macho yake yanabaki mekundu. Na katika sehemu hizohizo macho mekundu ya kikongwe yamechukuliwa kuwa alama ya uchawi. Vikongwe wamekatwa mapanga usiku wakiwa vitandani mwao kwa sababu hiyo. Imani ile nayo imerithiwa kwa wahenga, nayo inaitwa ya asili. Kwa hiyo anayesema turudi kwenye mila, kwa jumla jumla, hajui anachokisema. Mila ni kapu lenye vitu vingi, na kazi ni kuchambua.

Nichambue basi, kwa kadiri ninavyoona mimi. Ndani ya kile tunachokiita maarifa ya asili kuna uangalizi wa muda mrefu: mti upi unachanua lini, udongo upi hushika maji, samaki yupi yuko bamvua na yupi maji mafu. Kuna kanuni: nani ale, lini, kiasi gani, na akizidisha afanywe nini. Na kuna imani inayoipa kanuni uzito. Uangalizi unaweza kupimwa kama jambo lingine lolote, ukakutwa sahihi au si sahihi. Kanuni inapimwa kwa matokeo yake na kwa haki yake. Imani haipimiki hivyo, lakini kazi yake inaonekana, kama tutakavyoona kwenye kaya za Wamijikenda.

Kuhusu uangalizi, mfano wangu ni milima miwili ya Tanzania. Mmoja ni Uluguru. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona mmomonyoko wa udongo kwenye miteremko ya Morogoro ikaamua kila Mluguru achimbe matuta ya ngazi. Kwenye vitabu vya wataalamu wa wakati ule matuta ya ngazi yalikuwa dawa ya kila mlima. Waluguru wakasema udongo wao ni mwembamba, ukichimba ngazi unaufukia wenye rutuba na kuutoa juu ule mwekundu usiozaa kitu. Hawakusikilizwa. Matuta yakachimbwa kwa amri, mazao yakadorora, na Julai 1955 watu wa Matombo wakaandamana. Risasi zikapigwa na mtu akafa. Mpango ukaachwa. Wanahistoria huuhesabu mgogoro ule katika mambo yaliyoipa TANU wafuasi vijijini, na naamini serikali ile ingeokoa mengi kama ingemsikiliza mama mmoja mwenye jembe.

Mlima mwingine ni Umatengo, Mbinga, mkoani Ruvuma. Wamatengo walisukumwa kwenye milima mikali na vita vya Wangoni katika karne ya 19, wakajikuta wengi kwenye eneo dogo lenye miteremko ambayo mtu wa tambarare angeikimbia. Kilimo walichokitengeneza kinaitwa ngoro. Mwishoni mwa masika nyasi zinafyekwa na wanaume, zikaachwa zikauke kidogo, kisha zikalazwa chini kwa mistari inayokatana hadi mteremko mzima uwe miraba, kila mraba wa karibu hatua mbili. Wanawake wanafuata na jembe. Mama anasimama katikati ya mraba, anachimba udongo na kuufukia juu ya nyasi pande zote nne. Akimaliza, katikati pamebaki shimo, na pembeni kuna tuta lenye nyasi tumboni. Maharage yanapandwa juu ya matuta. Yakivunwa, shamba linangoja mvua za mwisho wa mwaka, ndipo mahindi yanapandwa kwenye matuta yaleyale, na magugu yanayopaliliwa yanatupwa shimoni yaoze.

Mvua inaponyesha, kila shimo linakamata maji ya sehemu yake. Hakuna mahali maji yanapata mwendo wa kutosha kuchukua udongo; yanatuama, yanazama, na tope lenye rutuba linabaki mlemle. Nyasi zilizozikwa zinaoza na kuwa mbolea. Duara likianza upya, mashimo yanahamishwa mahali palipokuwa na makutano ya matuta, hivyo baada ya mizunguko michache udongo wa shamba zima umegeuzwa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walifanya kazi ndefu Mbinga wakiusoma utaratibu huu, na waliyoyakuta yanakubaliana na yale ambayo Wamatengo walikuwa wakiyafanya kwa zaidi ya karne: miteremko ile inalimwa na haimomonyoki kwa kiasi ambacho ungekitarajia.

Mtu atauliza kwa nini ngoro haijasambaa nchi nzima. Kwanza ni kazi ya jasho. Kuchimba ngoro ya eka moja si mchezo, na mzigo mkubwa unawaangukia wanawake. Pili inataka udongo wa kina na nyasi za kutosha. Kuipeleka ngoro Uluguru kwa amri kungekuwa kosa lilelile la matuta ya ngazi, limevaa kanzu ya kienyeji. Maarifa ya aina hii ni ya mahali pake, na hilo ndilo linalowakera wapangaji wa miradi, ambao hupenda kitu kinachofaa wilaya zote kwa mwongozo mmoja.

Imani, kama nilivyodokeza, ndiyo sehemu inayowasumbua wasomi. Tuvuke mpaka hadi pwani ya Kenya. Kaya za Wamijikenda zilikuwa vijiji vyenye ngome katikati ya msitu, na karibu na kati ya kaya kulizikwa fingo, kinga ya jamii. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wameshahamia nje, lakini misitu haikukatwa, kwa kuwa ndani mna makaburi na mahali pa kuombea mvua. Huruhusiwi kukata mti wala kulisha mifugo, na unafuata njia iliyowekwa. Mgeni anayeingia Kaya Kinondo kule Kwale anafungwa kitambaa cheusi kiunoni na kuongozwa na mwenyeji. Matokeo yake ni kwamba, kwenye pwani iliyolimwa na kujengwa, vipande hivi vya msitu vimehifadhi mimea adimu ambayo wataalamu wa mimea hawaipati jirani. Serikali ya Kenya ilianza kuvitangaza kuwa makumbusho ya taifa mwaka 1992, na UNESCO ikaingiza baadhi yake kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Je, mzimu ndio uliolinda msitu? Sihitaji kujibu. Ninachojua ni kwamba hofu ya kuvunja mwiko ilikuwa askari asiyelipwa mshahara, asiyelala na asiyepokea rushwa. Lakini askari huyo anafanya kazi kwa wanaomwamini tu. Mnunuzi wa kiwanja aliyetoka mbali hana habari na fingo. Ufukweni, ambako ardhi ni ghali, kaya kadhaa zimemegwa. Kwenye kisiwa cha Chale, ambacho ni mahali patakatifu pa Wadigo, hoteli ilijengwa. Vigango, nguzo za kuwakumbuka wazee waliokufa, viliibwa na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Baadhi vimerudishwa miaka ya karibuni baada ya mivutano mirefu. Na Kilifi, wazee wenyewe ambao ndio vitabu vya mila hizi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa shamba. Umoja wa Mataifa unaweza kuuorodhesha msitu. Hauwezi kumlinda mzee wa kaya na mjukuu wake anayetaka kuuza ekari tatu.

Kuna mahali ambapo mambo haya na sayansi ya maabara vimekaa meza moja bila mmoja kumfuta mwenzake. Huko Bunyore, kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi kwa kutabiri mvua. Wana msitu wao mdogo wenye miti wanayoitazama: upi unapukutisha majani mapema, upi unachanua, ndege gani wamefika, vyura na wadudu wanafanya nini. Kuanzia mwaka 2008, kwa mradi uliowaleta pamoja na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, wazee wa Nganyi na wataalamu wa idara walianza kukutana kabla ya msimu wa mvua, kila upande ukileta utabiri wake, wakaulinganisha na kutoa taarifa moja kwa wakulima. Mtaalamu ana picha za satelaiti na anajua bahari za mbali zinafanya nini, lakini utabiri wake unafunika eneo kubwa. Mzee anajua kijiji chake. Na mkulima ambaye angeipuuza karatasi ya idara anamsikia mzee.

Angalia pia jambo dogo linaloweza kupita bila kuonekana: utabiri wa Nganyi unahitaji ile miti iwepo. Ukikata msitu wao, umefuta chombo cha kupimia. Ndiyo maana siamini sana juhudi za kurekodi maarifa ya wazee kwenye kanda na tovuti kisha kuhesabu kazi imekwisha. Rekodi ni nzuri kwa mwanafunzi. Haiwezi kukuambia mwaka huu mti gani umechanua.

Turudi kwenye udhaifu, maana nao upo hata mahali panaposifiwa. Ngitili za familia zimewafaa zaidi wenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi; asiye na ng'ombe anafaidi kuni na nyasi, na asiye na ardhi anakodi malisho ya mwenzake kwa fedha. Katika kufunga maeneo, wapo waliojimegea sehemu zilizokuwa za wote. Mjane anaweza kuchota kuni kwenye ngitili maisha yake yote na asiwe na kauli siku ndugu wa mume wanapoamua kuigeuza shamba la mpunga. Sungusungu nao, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, wamewahi kulaumiwa kwa kupiga na kuhukumu bila kusikiliza. Na kanuni zote hizi zilitungwa watu wakiwa wachache, mkaa ukiwa hauna lori linaloungoja barabarani. Gunia la mkaa linapokuwa na bei nzuri mjini, faini ya mbuzi mmoja inageuka kuwa gharama ya biashara. Kanuni ikishapimwa hivyo lazima irekebishwe, na jamii zilizo hai zimekuwa zikirekebisha mila zao siku zote. Wanaozitaka zibaki kama zilivyokuwa mara nyingi ni watu wa nje.

Hapo ndipo sheria ya nchi inapoingia. Tanzania ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inayotoa hatimiliki ya kimila, na Sheria ya Misitu ya 2002 inayokiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi. Kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo zilizopitishwa na halmashauri kinaweza kumpeleka mahakamani mvamizi anayeidharau dagashida. Hata hivyo Shinyanga wapo walioogopa kuandikisha ngitili zao. Miti ilipokuwa mikubwa walihofu serikali itasema sasa huu ni msitu wa hifadhi, tokeni. Mtu anayezijua historia za mashoka ya mbung'o na Operesheni Vijiji hawezi kuwacheka.

Hofu hiyo ina sura iliyo wazi zaidi kwa Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, jamii ya wawindaji na warina asali. Serikali iliwaondoa msituni ikidai inahifadhi chanzo cha maji. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba haki zao zimevunjwa, na kwamba kuharibika kwa Mau hakukuthibitishwa kuwa kazi ya Waogiek. Walioharibu ni ugawaji wa ardhi ya msitu na ukataji wa magogo ulioruhusiwa kwa vibali. Juni 2022 mahakama hiyohiyo ikaamuru walipwe fidia, wapewe hati ya ardhi ya mababu zao, na washirikishwe kabla ya uamuzi wowote unaoigusa. Novemba 2023, nyumba za Waogiek wa Sasimwani, kaunti ya Narok, zilibomolewa tena, na sababu iliyotolewa ilikuwa ileile ya kuokoa msitu.